Muhogo ni Muhogo, Nikaambiwa

Kwenye podikasti niliahidi kuwasimulia, haya. Jumapili moja hapa Westville mama na mashangazi zangu wawili walikuwa sebuleni, wanasikiliza “Muhogo wa Jang'ombe” wa Bi Kidude. Ghafla wakacheka mpaka mmoja akajifunika uso kwa kanga. Nikauliza, “Mama, muhogo una nini?” Akanijibu bila kuniangalia: “Muhogo ni muhogo. Hebu kalete chai.”

Nina miaka 22, jamani.

Kinachoniuma ni kwamba mizaha ya Waingereza naipata bila mkalimani. Zile filamu za Carry On, zilizoanza 1958 na kufika 31, nesi akishika kipimajoto tu najua tunaelekea wapi. Lakini za kwetu? Bado napelekwa jikoni.

Na fumbo la kwetu lina kazi kubwa zaidi. Mwingereza anafumba halafu anakukonyeza, asibaki mtu hajaelewa. Kwenye taarabu, mwanamke anainuka, anakwenda kumtunza mwimbaji palepale kwenye ubeti unaomfaa, na mlengwa anajijua. Ukimuuliza, atasema kaupenda wimbo tu. Yaani ameshatoa la moyoni, hata la chumbani, na heshima yake iko palepale. Tena halikuwa jambo la mzaha mtupu. Bi Kidude, aliyefariki 2013, alikuwa pia akiwafunda wari kwenye unyago. Maneno hayohayo ya kuchekesha ndiyo yaliyowafundisha wasichana miili yao na ndoa.

Wazazi watasema kunyamaza ndiyo adabu. Sawa, mtoto wa miaka 8 mwacheni na muhogo wake wa kuchemsha. Lakini sisi tuliokulia huku hatukupata kungwi, wala baraza, wala shoga wa mtaani wa kutunong'oneza. Tulipewa Kiswahili cha “shikamoo” na “kula ukalale”. Sisi tukakua, chenyewe kikabaki kidogo. Wahenga wanasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Sisi si wajinga, ila hakuna aliyetufungulia mlango.

Kwa hiyo na nyie ulizeni majumbani kwenu, tena msikubali jibu la kwanza. Mimi nimeshawaambia wangu: Jumapili ijayo chai naleta, lakini vikombe vinne, na nakaa.