Monita ya gemu na pesa ya nyumba

Mwezi huu naomba tutoke kwenye pete na zawadi, tuongelee kitu ambacho kinaleta maneno kwenye nyumba nyingi za vijana lakini kwenye vikao vya ndoa hakuna anayekitaja: monita ya kompyuta ya gemu.

Najua kuna dada hapo ameshaanza kufunua ukurasa unaofuata. Subiri kwanza, shosti. Zamani tulizoea kuwa magemu ni ya watoto, mtu mzima akikutwa anacheza anachekwa. Siku hizi utakuta mhasibu, mwanasheria, hata daktari, akitoka kazini anavua tai na kukaa mbele ya kompyuta apumzishe kichwa. Na kina dada pia wapo, tusijifanye. Kucheza kwenyewe si tatizo. Maneno yanaanza pale mtu anapotaka kununua kioo kipya, kwani monita nzuri inaweza kumeza kodi ya miezi kadhaa, na ukizingatia wenye nyumba wetu hapa Dar es Salaam wanavyopenda kudai kodi ya miezi sita kwa mpigo, hilo si jambo dogo.

Nina rafiki yangu mmoja, tulisoma wote chuo, aliolewa miaka michache iliyopita. Siku moja alirudi kutoka kazini akakuta boksi kubwa sebuleni. Mumewe alikuwa amenunua monita ya inchi 32 ya 4K, kwa pesa waliyokuwa wanaiweka kidogo kidogo kwa ajili ya kodi. Bwana alikuwa na furaha yake mpaka alipoiwasha. Kompyuta yake ilikuwa na kadi ya grafiki ya zamani, na kila akianzisha gemu picha zinasuasua kama daladala lililojaa likipanda mlima. Rafiki yangu akauliza swali moja tu: "Yaani hela yote ile, na bado linakwama?" Mume hakujibu. Wiki mbili wakawa hawaongei zaidi ya salamu, na siku ya kodi ilipofika ikabidi wakakope kwa kaka yake. Baadaye aliniambia kuwa monita aliisamehe siku ile ile. Kilichomuuma ni kuwa mtu wa mwisho kujua ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Sasa hebu tazama. Yule bwana angekaa na mkewe jioni moja tu wakaulizana maswali machache, wangegundua wote wawili kuwa ile 4K haikuwa saizi ya kompyuta yao, na pesa ya kodi ingebaki mahali pake. Hivyo basi naomba niwape maswali hayo, wewe unayetaka kununua na wewe unayeombwa ukubali. Hayahitaji mtu awe fundi.

La kwanza: mashine yetu ina nguvu ya kusukuma picha ya ukubwa gani? Picha ya monita imejengwa na nukta ndogo ndogo zinazoitwa pikseli. Monita ya Full HD ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwenda juu, jumla yake kama milioni 2. Ile ya kati, ya 2,560 kwa 1,440, ina karibu milioni 3.7. Ya 4K ina 3,840 kwa 2,160, ambazo ni karibu milioni 8.3, yaani mara nne ya Full HD. Nukta zote hizo kadi ya grafiki ndiyo inayozichora, tena upya mara nyingi kwa kila sekunde. Ukiipa kadi ndogo kazi ya 4K ni sawa na kumtwisha mtoto gunia la mchele. Unaweza kupunguza ubora ndani ya gemu ili mambo yaende, lakini hapo unakuwa umelipia kitu kimoja na unatazama kingine.

Kwa hiyo kabla hujaenda kuangalia monita, jua kwanza jina la kadi iliyomo ndani ya kompyuta yenu. Kama ni kadi ya bei ya chini, Full HD inatosha kabisa na itakufurahisha. Kadi ya kati ndiyo inayoanza kufaidi ile ya 1,440. 4K tuwaachie wenye kadi za gharama, ambazo zenyewe peke yake mara nyingi ni ghali kuliko monita.

La pili: unacheza gemu za aina gani? Hapa ndipo inapoingia namba ya Hz unayoiona imeandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi. Inakuambia kioo kinabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde. Monita nyingi za ofisini ni Hz 60, maana yake picha mpya inakuja kila baada ya kama milisekunde 17. Ya Hz 144 inaleta picha mpya kila baada ya milisekunde 7 hivi. Kwa anayecheza gemu za risasi, za mbio za magari, au za kupambana na wenzake kwenye intaneti, tofauti hiyo anaiona waziwazi, kwani mkono na jicho vinakwenda pamoja. Kwa mpenzi wa gemu za hadithi au za kujenga miji, hiyo kasi hataifaidi sana, bora pesa yake iende kwenye rangi nzuri. Zile za Hz 240 na kuendelea ni za washindani wa kweli kweli, na kompyuta nayo lazima iweze kutoa picha zote hizo, la sivyo namba inabaki pambo la boksi.

Ukikuta pia maneno FreeSync au G-Sync, hayo yana faida. Yanafanya kioo kiende kwa mwendo wa kadi, picha isikatike katikati pale gemu linapozidiwa. Na nikupe siri moja: wapo wengi wanaonunua monita ya Hz 144 wakaitumia mwaka mzima ikiwa kwenye 60, kwa sababu tu hawakubadilisha mipangilio. Kwenye Windows ingia Settings, kisha System, kisha Display, halafu Advanced display, uchague namba uliyoilipia.

La tatu: itakaa wapi? Wengi wetu tunaanza maisha kwenye chumba na sebule, na meza ya kompyuta ndiyo hiyo hiyo ya kupasia nguo. Monita ya inchi 24 ina sentimita 61 kutoka kona hadi kona, ya inchi 27 ina karibu 69, na ya inchi 32 ina zaidi ya 81. Weka hiyo ya 32 kwenye meza nyembamba uone, kioo kinakuwa puani, unageuza shingo kutafuta kona ya pili. Full HD inapendeza kwenye inchi 24. Ukiivuta mpaka 27 nukta zinaanza kuonekana na maandishi yanakuwa kama yana ukungu, kwa hiyo ukitaka 27 nenda na 1,440. Tazama pia kama mguu wake unapanda na kushuka. Kama haupandi, angalia nyuma kuna yale matundu manne ya kuifunga ukutani au kwenye mkono wa chuma, maana kioo kilichokaa chini sana kinaleta maumivu ya shingo, na atakayekuchua shingo ni mwenzio.

Kuna wanaouliza, mbona asitumie TV ya sebuleni yaishe? Anaweza. Ila TV nyingi huchukua muda kidogo kuipamba picha kabla ya kuionyesha, kwa hiyo unabonyeza sasa, mchezaji anapiga baadaye. Ukiwasha ile sehemu ya gemu kwenye mipangilio ya TV hali inakuwa nafuu sana. Lakini jamani, na tamthilia ya saa tatu usiku tutaiangalia wapi?

La nne: nani mwingine atakitazama hicho kioo? Hili watu hawaliulizi kabisa, na kwa wanandoa ndilo lenyewe. Monita zinatofautiana paneli. Za TN ni rahisi na zina kasi, lakini ukikaa pembeni rangi zinageuka, anayefaidi ni aliyekaa katikati tu. Za VA zina weusi uliokolea, zinapendeza ukizima taa, ingawa baadhi yake huacha kivuli pale vitu vinapokimbia kwenye giza. Za IPS zina rangi nzuri hata ukizitazama kwa ubavu. Za OLED ndizo zenye picha nzuri kuliko zote, ila bei yake ni ya juu, na kitu kinachokaa palepale kwenye kioo kwa muda mrefu sana kinaweza kuacha alama. Kama Jumamosi mnapenda kuegemeana mkaangalia filamu kwenye hiyo hiyo monita, IPS itawatendea haki wote wawili.

Mkishajibu hayo, sasa nendeni Kariakoo, na mkiweza nendeni wote. Msikubali kuuziwa boksi lililofungwa. Mwambieni muuzaji aiwashe, aweke picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, kisha nyekundu, na nyinyi mtafute nukta zilizokufa. Muulizeni namba kubwa ya Hz inapatikana kwa waya gani, kwani zipo monita ambazo kwa HDMI zinaishia chini na mpaka utumie DisplayPort ndipo zinafika mwisho, halafu hakikisheni kadi yenu ina tundu hilo. Yale maandishi ya "1 ms" yasikupe homa, kila mtengenezaji hupima kwa namna inayompendeza yeye. Risiti na waranti viwe kwenye karatasi. Monita za mtumba zilizotoka maofisini zipo, nyingine imara sana na bei yake inavutia, ila nyingi ni Hz 60, kwa hiyo zinamfaa mcheza gemu za taratibu na mwenye kazi za ofisi.

Na kwa anayeogopa LUKU, monita ya inchi 27 kwa kawaida inakula wati 30 mpaka 50 hivi. Kinachomaliza uniti ni kompyuta yenyewe, hasa kadi yake ikiwa kubwa.

Kwetu sisi, baba watoto ni mtu wa mpira wa kwenye kompyuta, na yeye pia alikuja na picha ya monita ya inchi 32 kwenye simu, macho yanang'aa. Tukakaa. Nikamuuliza kadi yetu ni ipi, akanitajia. Nikamuuliza inasukuma nini, akacheka mwenyewe. "Mama, hapa umenibana," akasema. Tukaishia kwenye inchi 24 ya Full HD, Hz 144, paneli ya IPS. Ile tofauti ya bei ikaingia kwenye fungu la kiwanja. Tukakubaliana pia kuwa baada ya saa nne usiku anavaa hedifoni, Ijumaa kioo ni cha filamu yetu, na asubuhi ni changu kwa kazi za gazeti hili. Niliyoyaandika hapa nimeyaandika nikiwa mbele yake.

Dada zangu, naomba niseme na hili. Mwenzio akija na wazo la monita, usianze na "hapana" kabla hajamaliza sentensi. Mtu anayetoka kwenye foleni ya saa mbili akataka saa moja ya kucheza hajakosea, na yuko nyumbani unamwona. Ukimkatia kila kitu unamfundisha kununua kimya kimya, kisha boksi litakukuta sebuleni. Na nyinyi kaka zangu, mke anayeuliza "ni shilingi ngapi na inatoka fungu lipi" hajakuonea. Hilo ni swali la mtu anayejenga na wewe. Kama wewe ndiye mke na gemu ni zako, hayo hayo yanakuhusu.

Kwa hiyo wikiendi hii chukueni karatasi. Andikeni jina la kadi, gemu zinazochezwa, kipimo cha meza, na pesa ambayo ikitoka kodi na ada havitikisiki. Monita inayolingana na hayo manne ndiyo yenu, hata kama ya jirani ni kubwa zaidi. Mkishainunua niandikieni mniambie nani alimfunga nani.

Tukutane mwezi ujao. Nawapenda.