Turudishieni Mtakatifu

Waamini wenzangu, nanyi wanakwaya niliowaacha,

Video za Pasaka mlizorusha kwenye grupu nimeziona. Sare zinang'aa, hongereni. Lakini hebu itazameni tena ile ya wimbo wa Mtakatifu. Padre ameimba utangulizi vizuri, anatualika tuungane na malaika. Kinanda kinajibu kwa mdundo wa kubonyeza kitufe, kwaya inaingia na wimbo mpya, sauti nne zinakimbizana, hosana inarudiwa mpaka Padre anatazama saa. Na kanisa zima? Kimya. Mama mmoja benchi la pili amejaribu kufungua mdomo, akaufunga. Vijana wameinua simu. Ile ni Misa au uzinduzi wa albamu?

Huku Bavaria ninakosali wamebaki wazee watupu, na mahubiri yao siyasemi. Ila ukutani pana ubao wa namba za nyimbo, kila mtu ana kitabu chake, Gotteslob ya mwaka 2013, na wale wazee wanaimba wote, hata wasio na sauti. Wivu ulinishika. Sisi tunaojaa mpaka nje chini ya miembe, tunaimbiwa!

Naomba jambo moja tu. Parokia ichague Utukufu mmoja, Mtakatifu mmoja na Mwanakondoo mmoja, vyepesi, vya Kiswahili, viimbwe mwaka mzima mpaka mtoto wa Komunyo ya Kwanza avijue bila kitabu. Majilio na Kwaresima pumzisheni Utukufu, vingine vibaki. Ngoma sina ugomvi nazo, pigeni. Kwaya ibaki na sadaka na shukrani, huko imwage ujuzi wote. Na sikukuu kubwa tuimbe Misa ya Malaika kwa Kilatini, ile ambayo bibi zetu waliiimba bila kushika karatasi.

Msiniambie hayo ni ya wakoloni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano wenyewe, katika hati yake Sacrosanctum Concilium ya 1963, ulitaka waamini waweze kuimba sehemu zao hata kwa Kilatini, na humohumo ukaupa heshima muziki wa mataifa ya misioni. Mwaka huohuo Padre wetu Stephen Mbunga alichapisha kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kisha hati ya Kanisa, Musicam Sacram ya 1967, ikasema waziwazi: kwaya isibebe nyimbo zote watu wakabaki watazamaji, na Mtakatifu kwa kawaida uimbwe na wote pamoja na padre. Mwalimu wa kwaya, shikamoo. Haya unayajua kuliko mimi. Sol-fa nimeisoma kwenye ubao wako.

Najua mtakavyosema: aliyeondoka akaacha besi ina mtu mmoja, leo anatufundisha nini? Semeni, ni haki yenu. Lakini siku mliposogeza simu karibu na kaburi la mama ili nisikie, kwa kuwa nauli na ruhusa ya kazini vilinishinda, sikusikia sauti nne. Nilisikia kijiji kizima kikiimba Salamu Malkia, wengine wamepotea ufunguo kabisa, na sijawahi kusikia uimbaji uliozidi ule.

Kwa hiyo hela ya spika mlizoniomba sitatuma. Nitatuma ya kudurufu karatasi za nyimbo hizo tatu, zitoshe kila benchi. Baba Paroko akikubali, anzeni Jumapili ya kwanza ya Majilio, na kile kitufe cha mdundo kizimwe.