Mzee Tembo wa Dedza

Msafiri atokaye Area 18 mjini Lilongwe kwenda Dzaleka, wilayani Dowa, huwa na mwendo wa zaidi ya kilometa arobaini. Tangu 1994 Dzaleka ni makazi ya wakimbizi, na Kiswahili cha Kongo na Burundi husikika humo kutwa. Kabla ya hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Rais Kamuzu Banda. Katika wilaya hiyohiyo, kwenye shule ya Kongwe, alipata kufundisha kijana wa Dedza ambaye baadaye alikuja kuwa mtu mzito wa serikali hiyo: John Zenas Ungapake Tembo.

Alizaliwa 1932, akasoma chuo cha Roma huko Basutoland, ambayo leo ni Lesotho, na mwaka 1961 akaingia Bungeni. Mwaka wa uhuru, 1964, alikabidhiwa Wizara ya Fedha. Mwaka 1971 akawa Mmalawi wa kwanza kuwa Gavana wa Benki Kuu. Saini yake ikawa juu ya noti, na kila mama aliyenunua unga sokoni alilishika jina la Tembo mkononi. Lakini pengine wananchi walimjua zaidi kwa sauti. Banda alihutubia kwa Kiingereza, naye Tembo alitafsiri kwa Kichewa, hata amri za mkubwa zikawafikia wakulima kwa kinywa chake.

Mwezi Mei 1983 wanasiasa wanne, Matenje, Gadama, Sangala na Chiwanga, walifia Mwanza. Serikali ilitangaza kuwa ni ajali ya gari. Vyama vingi viliporudi, ilibainika kuwa waliuawa, na mwaka 1995 Banda, Tembo na wenzao walishtakiwa. Mahakama iliwaona hawana hatia. Jamaa za marehemu walirudi makwao bila kuambiwa ni nani aliyetoa amri.

Watu wa Dedza hawakumwacha. Walizidi kumchagua, naye mtu aliyekulia katika Bunge la chama kimoja, ambamo kupinga kulikuwa hatari, akageuka kuwa Kiongozi wa Upinzani na hodari wa kanuni. Mwaka 2007 na 2008, wabunge walipokuwa wamehamia chama kipya cha Rais Bingu wa Mutharika, Tembo alishikilia kwamba kifungu cha 65 cha Katiba kitekelezwe kwanza, ndipo bajeti ijadiliwe. Wengi walilalamika kuwa mbolea ya wakulima inacheleweshwa. Hata hivyo, haki ya kulizuia jambo Bungeni ndiyo hasa waliyonyimwa wale waliofungwa Dzaleka.

Aligombea urais 2004 na 2009, mara zote mbili akawa wa pili. Mwaka 2013 chama chake kilimpa uongozi Lazarus Chakwera, na mwaka uliofuata Mzee Tembo akaachana na Bunge. Alifariki tarehe 27 Septemba 2023, akiwa na umri wa miaka 91, wakati Chakwera akiwa Rais.