Mgonjwa Apewe Sindano Yake

Wako wasemao kwamba sindano ni kazi ya daktari tu. Mimi nakataa. Uko ugonjwa adimu wa kurithi, ambao Daktari William Osler aliueleza mwaka 1888, uvimbishao mwili ghafula. Ukishika koo, mtu aweza kufa kwa kukosa pumzi, na dawa za mzio hazimfai kitu. Dawa iitwayo ikatibanti, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2008, huchomwa chini ya ngozi ya tumbo. Mgonjwa akifundishwa hujichoma mwenyewe nyumbani, kisha, ikiwa ni koo, hukimbilia hospitali. Je, koo litangoja gari? Mwenzetu bwenini mwenye kisukari hujichoma kila asubuhi kabla ya uji, wala siku hizi hatumcheki. Linalonisumbua mimi ni bei: mkulima ataipataje?