Kabla hamjalijaza upepo

Ndugu zangu wa Same, mlio mjini na mlio juu huko Chome na Mbaga,

Nawaandikia kutoka Uingereza. Video ya Krismasi aliyonitumia mpwa wangu nimeitazama mara nne, na si kwa ajili ya pilau. Nyuma ya watoto kuna lile jumba la plastiki la kurukia, linalojazwa upepo kwa feni. Kona moja imefungwa kwenye tairi la pikapu, nyingine kwenye jiwe ambalo hata mimi na mgongo wangu huu ningelibeba. Ya tatu, kamba ya katani inaning'inia tu. Watoto nimewahesabu mpaka kumi na tisa, nikaacha.

Bembea za kuzunguka huwa tunaziogopa. Hili tunaliona godoro.

Lakini tarehe 16 Desemba 2021, mjini Devonport, Australia, watoto wa shule ya msingi ya Hillcrest walikuwa wakisherehekea kufunga mwaka. Upepo ukalinyanyua jumba kama hilo na watoto wakiwemo. Sita walikufa. Mwaka 2025 mahakama ilimwachia mwenye jumba, ikisema ile ilikuwa chamchela ambayo asingeweza kuitarajia. Niliposoma hapo nikaukumbuka uwanja wetu saa nane mchana, mwezi wa pili, vumbi jekundu limesimama kama nguzo, mama zetu wanashikilia khanga na mabati yanalia. Sisi tutamwambia hakimu gani kwamba hatukuitarajia?

Huku Uingereza mwongozo unataka vigingi visivyopungua sita, vya chuma, vya sentimita 38, vizame ardhini. Penye sakafu au mwamba, kila kamba ivutwe na uzito wa kilo 163. Hiyo ni mifuko mitatu ya saruji na ushee, kwa kamba moja! Upepo ukifika kilomita 38 kwa saa, watoto wote chini, feni izimwe. Kipima upepo hatuna, sawa, lakini miti midogo ikianza kuyumba yote, mmeshafika hapo.

Na idadi. Mwenye jumba analipwa kwa kichwa, kwa hiyo hatakwambia limejaa. Tabora hatujaisahau: Idi ya Oktoba 2008, ukumbi wa disko toto, watoto wapatao 20 walikufa kwa kujazana. Awepo mtu mzima mlangoni asiyeshika pesa, wadogo waingie zamu yao na wakubwa yao.

Kijana mwenye jumba ni wetu, simgombezi, hakuna aliyemfundisha. Nimetuma hela ya vigingi vinane. Fundi wa kuchomelea avitie vichwa vya mviringo, mtoto akianguka asichomwe.

Mpwa wangu, Pasaka usinitumie pilau. Nipigie picha kona zote nne, moja moja, kabla feni haijawashwa.