Baiskeli Juu ya Basi

Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa kula kiapo, nao wanajua uzito wa neno lililokwisha kutamkwa mbele ya mashahidi. Kwa hiyo nadhani hawatamcheka mjomba wangu. Tulipoondoka Bukoba kwa baiskeli kwenda Bwera, magharibi ya Uganda, alitamka mbele ya nyumba nzima kwamba hatapanda chombo chochote chenye injini mpaka auone mpaka wa Kongo. Mjomba ni mwanajeshi mstaafu. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa vijana walioingia Uganda katika vita vya kumwondoa Idi Amin, lakini kikosi chake hakikufika kwenye milima ya Ruwenzori. Habari za theluji iliyo karibu na Ikweta alizisikia tu, na tangu hapo akajiwekea nadhiri ya kwenda kuiona siku moja kwa hiari yake, bila ya bunduki begani.

Safari yenyewe sitaieleza yote. Tulipita Mutukula, Masaka, Mbarara na Ishaka. Kisha tukateremka katika Bonde la Ufa hadi daraja la Katunguru, juu ya mfereji wa Kazinga unaounganisha maziwa ya George na Edward. Hapo barabara hukatiza Hifadhi ya Queen Elizabeth, na tembo hana habari na kengele ya baiskeli. Tulingoja jua lipande vizuri ndipo tukapita. Jioni tukalala Kasese, mji ambao reli iliufikia mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Reli hiyo sasa haitumiki. Abiria na mizigo yote hutegemea barabara.

Asubuhi mjomba aliamka anatetemeka. Zahanati wakampima damu, wakaona ni malaria, wakampa dawa mseto ya siku tatu, anywe asubuhi na jioni pamoja na chakula. Mganga akamwagiza apumzike. Mjomba akaitikia kwa adabu, akatoka nje, akaanza kukaza mnyororo wa baiskeli.

Kukaa Kasese hakukuwezekana. Fedha zetu zilikuwa za kuhesabu, na Bwera alikuwako mwenyeji anayetungoja, mwenye nyumba na watu wa kumpikia mgonjwa uji. Lakini Bwera ni zaidi ya kilomita 50: unashuka kusini hadi Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, halafu unakata kulia kuelekea magharibi, na joto la tambarare ile halimhurumii hata mtu mzima wa afya.

Nilianza kwa hoja ya jeshi. "Mjomba, hata askari hupanda malori."

"Mwaka sabini na tisa sisi tulikwenda kwa miguu, mwanangu."

Hoja ikafa papo hapo, maana ni kweli. Nikaleta ya Ufaransa. Mwaka 1904, katika mashindano ya baiskeli ya kuizunguka nchi hiyo, watu wanne wa kwanza walinyang'anywa nafasi zao baada ya kuwapo tuhuma nyingi, pamoja na ile ya kupanda treni, na ushindi ukapewa kijana Henri Cornet, aliyekuwa wa tano. Nilikusudia kusema kwamba wale walikuwa mashindanoni na sisi tu wasafiri. Mjomba akasikia kunyang'anywa tu. "Umeona?" akasema. Nawashauri wasomaji wasimpe mgonjwa mkaidi mfano wenye pande mbili.

Aliyeniokoa ni mkaza mjomba, kwa simu. Hakubembeleza wala hakulia. Alimwuliza hivi: "Ukianguka njiani, nani atakubeba? Mpwa wako ana keria moja, nayo imejaa sufuria." Mjomba akanyamaza kitambo, akanirudishia simu. "Tafuta gari," akasema.

Mabasi madogo ya abiria 14, ambayo sisi huyaita daladala, Waganda huyaita teksi. Kondakta wa kwanza alitutajia nauli ya watu wawili, akafunga baiskeli juu, kisha akataja bei ya pili ambayo ingetununulia baiskeli ya tatu. Tukazishusha. Kwa hiyo patana bei ya mtu na ya baiskeli kwa pamoja, kabla kamba haijafungwa. Wa pili alikuwa mwungwana. Aliposikia kazi aliyoifanya mjomba, akamwita afande na kumpa kiti cha mbele.

Usukani uzungushwe ulale sambamba na fremu, na pedali zifunguliwe. Upande wa mnyororo ukae juu, na kinachofungwa kiwe fremu, si gurudumu. Vipande vya mpira wa ndani uliochakaa hushika vizuri kuliko kamba. Baiskeli yangu ilitangulia kupanda, mikungu ya ndizi ikafuata juu yake, nikapoteza spoku mbili. Ingengoja mizigo mizito ikae kwanza. Tena tuliacha chupa ya maji huko juu, na mgonjwa akashikwa na kiu kabla ya Kikorongo. Mama mmoja wa Kikonzo akampa maji yake, asikubali senti.

Bwera mjomba alimaliza dawa, akalala, akala. Jioni alibarizi na wafanyabiashara waliotoka Kongo, akibishana nao kwa Kiswahili juu ya bei ya chumvi ya Katwe. Siku ya tano tuliendesha baiskeli polepole hadi Mpondwe, penye mto Lhubiriha. Ng'ambo magari hushika mkono wa kulia, na saa hurudi nyuma kwa saa moja. Hatukuvuka. Milima ilikuwa imejifunika mawingu.

Katika daftari lake la safari niliona ameandika: "Kasese hadi Bwera. Gari. Homa." Chini yake akaongeza: "Deni." Deni hilo tulililipa wakati wa kurudi, kwa siku mbili, kwa sababu nilimlazimisha kulala njiani. Asubuhi ya pili, tulipokwisha kuipita Kikorongo, mawingu yakafunuka kwa dakika chache na kitu cheupe kikaonekana kule juu kabisa. Mjomba alikuwa ameinama anaziba pancha. Nikamwita. Akainua kichwa, akatazama mpaka mawingu yakafunga tena, kisha akaniomba pampu.