Bunduki ya upepo yageuka mwiba kwa misitu ya Indonesia

MADAKTARI wa wanyama waliompokea orangutani mmoja wa kike kutoka Subulussalam, mkoani Aceh nchini Indonesia, mnamo Machi 2019, walihesabu marisau 74 katika picha za eksirei za mwili wake. Macho yake yote mawili yalikuwa yamepofuka na mfupa wa mtulinga umevunjika. Mwanawe mchanga, aliyekuwa na umri wa takriban mwezi mmoja, alifia njiani wakati wa kusafirishwa. Waokoaji walimpa mama huyo jina la Hope.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, orangutani mwingine alikuwa amekufa katika jimbo la Kalimantan Mashariki akiwa na zaidi ya marisau 130 mwilini. Katika visa vyote viwili silaha iliyotumika ni ile ambayo wengi huichukulia kuwa mchezo wa vijana: bunduki ya upepo.

Kwenye karatasi, sheria ya Indonesia haina utata. Kanuni za polisi za mwaka 2012 ziliiruhusu bunduki hiyo kwa michezo ya kulenga shabaha pekee, tena katika viwanja vya mazoezi na mashindano. Lakini kati ya kanuni hiyo na kijiji kilichozungukwa na michikichi pana mwanya mkubwa, na mwanya huo umejaa vipuri.

Bunduki ya kupampu haihitaji baruti wala gesi ya mtungi. Kila mwenyewe anapouvuta mpini na kuurudisha, pistoni husukuma hewa zaidi ndani ya bomba, nayo vali huizuia humo hadi kifyatuo kitakapobanwa. Silaha ile ile iliyopampuliwa mara chache hutoboa karatasi. Ikiongezwa pampu, marisau yake ya risasi hupenya ngozi na nyama. Kwa hivyo askari anayeikagua hana kipimo rahisi cha kutofautisha kifaa cha michezo na silaha ya kuwindia.

Isitoshe, si lazima inunuliwe ikiwa kamili. Mtutu hutoka kwa muuzaji mmoja, bomba na vali kwa mwingine, na kitako huchongwa na seremala wa jirani. Cipacing, kijiji kilichoko Sumedang, Java Magharibi, kimejijengea jina kwa kazi hiyo kwa miongo mingi, na familia nyingi hula kwa jasho la karakana hizo. Ni ufundi halali na wa kusifika. Hata hivyo, polisi wamewahi kuwatia mbaroni baadhi ya mafundi wa huko kwa tuhuma za kuvuka mpaka na kuunda bunduki za risasi.

Uingereza iliweka kikomo cha nguvu, futi-pauni 12 kwa bunduki ndefu za upepo, na yeyote anayekizidi huhitaji cheti. Scotland ilienda mbali zaidi baada ya mtoto wa miaka miwili kuuawa jijini Glasgow mwaka 2005: tangu Desemba 31, 2016, karibu kila mwenye bunduki hiyo huko sharti awe na leseni. Mfumo kama huo hutegemea maduka yanayojulikana na rejista inayosomwa. Ni vigumu kuona jinsi utakavyomfikia mtu aliyeiunganisha silaha yake barazani, ilhali mkebe wa marisau hununuliwa pasipo mwenye duka kuuliza swali. Pengine hapo kwenye mkebe ndipo serikali ya Jakarta ingeanzia.

Wala mkulima hafai kusahauliwa. Msitu unapofyekwa ili kupanda michikichi, orangutani huingia mashambani kutafuta matunda, naye mwenye shamba hukosa fidia na hukosa wa kumpigia simu. Bunduki ya bei nafuu humaliza shauri hilo kwa haraka.

Vijana wawili waliohusishwa na kisa cha Hope walikuwa chini ya umri wa miaka 18. Adhabu yao ilikuwa kuadhini msikitini kwa muda wa mwezi mmoja. Adhabu kwa wanaodhuru wanyama wanaolindwa ziliongezwa mwaka 2024, miaka mitano baadaye.

Hope mwenyewe, akiwa kipofu, hakuweza kurudishwa msituni. Madaktari walifanikiwa kumtoa marisau saba.